Kusema Lengo Mbele ya Watu: Karama, Kinjeketile na Wengineo

Siku hizi ni vigumu kukaa bwenini wiki nzima bila kuletewa wasia huu: andika malengo yako, kisha watangazie watu. Eti ukishasema hadharani unachokitaka, wenzako watakuunga mkono, na aibu ya kurudi nyuma itakusukuma mpaka ufike. Wasia huu unauzwa katika vitabu vidogo vya uhamasishaji, unahubiriwa kwenye makongamano ya vijana, na sasa umeanza kuingia hata katika uhakiki wetu. Nimesikia zaidi ya mara moja ikidaiwa kwamba siri ya ushindi wa Karama katika Kusadikika ni kule kutangaza lengo lake bila woga, na kwamba mhusika huyo ni kielelezo cha kijana anayejiamini. Makala haya yanatokana na kutoridhika kwangu na dai hilo.

Si kwamba dai lenyewe ni la kipuuzi. Lina ukweli, tena ukweli mzito, na ndiyo maana linahitaji kuchunguzwa badala ya kupigiwa makofi. Lakini mhakiki anayelichukua kutoka kitabu cha uhamasishaji na kulibandika juu ya riwaya ya mwaka 1951 anafanya kazi ya fundi cherehani mvivu: nguo anayo tayari, anatafuta mtu wa kumvisha. Fasihi yetu imelitafakari suala hili kwa undani zaidi kuliko tunavyodhani, na majibu yake hayafanani.

Hata wahenga hawakukubaliana. Mficha uchi hazai, walisema; na mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapo unaambiwa useme. Ukigeuka upande wa pili unakuta debe tupu haliachi kuvuma, kimya kingi kina mshindo, na maneno matupu hayavunji mfupa. Hapo unaambiwa unyamaze ufanye kazi. Wahenga walikuwa kama wenye duka: kila mteja aliondoka na methali yake. Kwa hiyo anayetaka kujenga hoja kwa methali peke yake atajenga yoyote aitakayo, na mimi sitajaribu.

Tuanze basi na Karama mwenyewe. Kila aliyesoma Kusadikika anakumbuka kiini cha kisa. Nchi inayoelea angani, mfalme, baraza, na waziri Majivuno ambaye jina lake limekwisha kumhukumu kabla hajafungua kinywa. Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria katika nchi ambayo wakubwa wake wanaishi vizuri mno bila elimu hiyo kuwafikia wadogo. Hilo ndilo lengo lake. Je, analitangaza vipi?

Hapa naomba msomaji arudi kwenye kitabu na kuhesabu kurasa. Sehemu kubwa ya utetezi wa Karama haimhusu Karama. Haelezi ndoto zake, wala haelezi jinsi alivyoamka asubuhi moja akaamua kuwa mwalimu wa sheria. Anasimulia habari za watu wengine sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Hawa ni wajumbe waliotumwa katika pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakaenda, wakapata taabu, wakarudi na maarifa ambayo yangeifaa nchi, na kila mmoja malipo yake yakawa kifungo. Mjumbe baada ya mjumbe. Msomaji asiye na subira huona mtindo huu ni marudio yanayochosha, na nimesoma insha za wenzangu zinazomlaumu mwandishi kwa msuko usio na mgogoro unaopanda. Mimi naona kinyume. Marudio hayo ndiyo hoja. Karama anapomaliza kumsimulia mjumbe wa sita, lengo lake limekwisha kuacha kuwa lake. Limekuwa lengo la watu saba, na sita kati yao wako gerezani kwa amri ya watu wale wale waliokaa barazani wakisikiliza. Mfalme hawezi tena kumkata Karama kichwa na kusema shauri limekwisha. Ndiyo maana mwisho wa riwaya si kuachiwa kwa mtu mmoja tu; wafungwa nao wanatoka.

Kwa hiyo kusema kwamba Karama alishinda kwa kutangaza lengo lake ni kusema nusu ya jambo. Alishinda kwa kusema malengo ya waliotangulia yaliyozimwa kabla ya kusikilizwa. Tofauti hii si ndogo. Anayesimama na kusema "mimi nataka hiki" anaomba aungwe mkono kwa sababu yeye ni yeye. Anayesimama na kusema "fulani alikitaka hiki mkamfunga, na fulani naye, na fulani" haombi, anadai. Msaada anaoupata si wa hisani.

Isitoshe, tusisahau kwamba Karama hakuchagua jukwaa. Aliletwa. Wahamasishaji wetu huongea kana kwamba kutangaza lengo ni kitendo cha hiari, kama kuvaa shati. Katika Kusadikika mtu hutangaza lengo lake kwa sababu amekwisha kushtakiwa kwalo, na njia nyingine zote zimefungwa. Ukitaka kumfanya Karama mfano wa kijana anayejiamini, lazima pia umweleze kijana huyo kwamba mbele yake yuko Majivuno, na Majivuno ana kalamu ya hukumu mkononi.

Nikitoka kwa Shaaban Robert nakwenda moja kwa moja kwa Ebrahim Hussein, maana Kinjeketile (1969) ndiyo kazi inayolitazama suala hili bila huruma. Onyo moja kwanza. Hussein mwenyewe aliwaambia wasomaji katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, si yule wa historia. Kwa hiyo ninapomzungumzia hapa namzungumzia mhusika. Yule wa historia, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani Mohoro mwezi Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza katika milima ya Umatumbi, na hakupata nafasi ya kuona neno lake lilifika wapi.

Mwanzoni mwa tamthiliya lengo lipo, bali halisemeki. Watu wanalazimishwa kulima pamba ya Mjerumani, mashamba yao yanalala, ndani hakuna chakula. Wanaume wanakutana kwa siri na kila mmoja anataka jambo lile lile, yaani mgeni aondoke. Lakini angalia wanavyoongea. Kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la wasiwasi: huyu ni kabila gani, huyu atatuuza, nani awe kiongozi na kwa nini awe wa kwao asiwe wa kwetu. Hali hii wanaijua wote waliowahi kukaa katika kamati. Lengo la pamoja lipo kwenye kila moyo na hakuna wa kulitoa nje, kwa kuwa anayelitoa kwanza ndiye atakayekamatwa kwanza.

Kisha Kinjeketile anavutwa majini, anakaa huko hadi watu wanakata tamaa, na anaibuka na maji ya Hongo. Kwa mtazamo wangu, hapa Hussein anatuonyesha jambo ambalo hakuna kitabu cha uhamasishaji kinachothubutu kulisema: lengo lile lile, lililoshindwa kuwaunganisha watu lilipokuwa jambo la akili, linawaunganisha kwa siku chache tu linapokuwa neno lenye nguvu ya imani. Wamatumbi, Wazaramo, Wangindo, wale waliokuwa wakitiliana shaka, sasa ni kitu kimoja. Huo ndio msukumo. Nani anaweza kuubeza? Bila tangazo lile pasingekuwa na umoja, na bila umoja pasingekuwa na vita vya ukombozi vilivyoenea kusini yote.

Lakini subiri. Kinjeketile anawaambia watu wangoje. Wajifunze kwanza, wajipange, wenzao wa mbali waje. Na watu hawangoji. Kwa nini wangoje, ikiwa maji yapo na risasi itageuka maji? Neno alilolitoa yeye sasa linamwamuru yeye. Na yeye mwenyewe ameanza kuona ufa ndani yake, pale anapotambua kwamba utabiri uliotoka kinywani mwake unawaahidi watu wake bwana mwingine, Seyyid Said, mahali pa bwana Mjerumani. Anajua, lakini hawezi tena kulirudisha. Kitunda, askari mwenye akili baridi, anaona mapema kwamba imani si silaha, na hata yeye hana la kufanya. Msukumo ukishaanza hauulizi aliyeuanzisha kama yuko tayari.

Wapo wanaoisoma tamthiliya hii kama onyo dhidi ya ushirikina. Usomaji huo unaridhisha haraka na ndiyo kasoro yake. Kama lingekuwa onyo tu, ule mwisho ungekuwa tofauti: Kinjeketile, amefungwa, amepigwa, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, na anakataa. Anakataa akijua. Anakataa kwa sababu akikana maji, watakaozaliwa baadaye wataambiwa kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa, na kisingizio hicho kitatumika dhidi yao. Hapo lengo limejitenga na mtu aliyelisema, na hata na ukweli wa maneno yaliyolibeba. Wanahistoria wanakadiria waliokufa katika vita vya 1905 hadi 1907, wengi wao kwa njaa iliyoletwa na uchomaji wa mazao, kuanzia 75,000 hadi 300,000. Hussein anamwachia msomaji mizani hiyo ashike mwenyewe: gharama ya kusema upande huu, gharama ya kunyamaza upande ule. Mimi nimeishika mara kadhaa na mkono bado unatetemeka.

Kuli ya Adam Shafi (1979) nitaipitia kwa haraka, si kwa kuidharau, bali kwa sababu jambo lake liko wazi. Mgomo wa wachukuzi wa bandarini Unguja mwaka 1948 hauanzi kwa tangazo. Rashidi hufunguliwa macho na wenzake kidogo kidogo, hasa na Faraji, na mazungumzo hayo ni ya watu wachache wanaoaminiana. Madai yanapofika kwa wakubwa, nyuma yake wapo watu waliokwisha kukubaliana. Katika Kinjeketile neno linatangulia na watu wanalifuata. Katika Kuli watu wanatangulia na neno linawafuata. Ukiniuliza mwandishi yupi ana matumaini zaidi, jibu unalo.

Sasa niseme kitu kuhusu makofi. Mwaka 1967 taifa letu nalo lilitangaza lengo mbele ya dunia nzima, katika Azimio la Arusha, na haijapata kutokea katika fasihi ya Kiswahili kipindi ambacho waandishi walijitokeza kwa wingi namna ile kuunga mkono lengo moja. Mashairi, ngonjera, tamthiliya za shuleni, kila mtu alikuwa na la kusema. Mengi ya hayo leo hayasomeki, tuseme ukweli. Si kwa kuwa lengo lilikuwa baya. Ni kwa kuwa mshairi anayepiga makofi hana kazi nyingine ya kufanya kwa mikono ile. Ilimbidi Kezilahabi aje na Dunia Uwanja wa Fujo (1975), na kisha Gamba la Nyoka (1979), aulize yule aliyehamishiwa kijijini alishirikishwa vipi katika lengo lililosemwa kwa jina lake. Waliomwita msaliti walisahau kwamba yeye alikuwa akilichukulia lengo lile kwa uzito kuliko waliokuwa wakiliimbia. Kuna kuungwa mkono na kuna kushangiliwa, na katika lugha yetu ya kila siku tunavichanganya mno.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Wengi wetu humu chuoni tumefika kwa sababu lengo letu lilisemwa mbele za watu. Barua ya kuchaguliwa ikija, mzazi hailazi kabatini. Inapelekwa kwa mjomba, kwa shangazi, kwa mzee wa mtaa. Inasomwa kanisani au baada ya swala. Daftari la mchango linafunguliwa na majina yanaandikwa. Kwangu mimi ilikuwa hivyo hivyo, na yupo mama muuza dagaa ambaye alitoa shilingi alfu tano na ambaye mpaka leo, nikienda likizo, hunisimamisha njiani kuuliza nasomea nini hasa. Nikimwambia fasihi, hunyamaza kidogo. Kisha huuliza: "Hiyo itakupeleka wapi, mwanangu?" Ana haki ya kuuliza. Ana hisa. Mchango wetu hauna bure, na yeyote anayedhani kutangaza lengo ni kujikusanyia nguvu tu, bila kuwapa waliochangia haki ya kuhoji, hajawahi kuandikwa kwenye daftari. (Kwa nini daftari la arusi hujaa mapema kuliko la ada ni swali ambalo ningependa siku moja liandikiwe tamthiliya.)

Naye anayesahauliwa katika wasia huu wote ni yule asiye na wa kumwambia. Rosa, katika Rosa Mistika (1971), anakulia katika nyumba ambamo barua ya kijana inatosha kumpatia binti kipigo cha baba. Zakaria, mlevi, hajui binti yake anataka nini maishani na hana nia ya kujua. Anachokijua ni hofu yake mwenyewe. Waliolaumu riwaya hii kwa ufasiki, hadi ikazuiwa mashuleni kwa muda, walishughulika na mambo ya baadaye na kuruka kurasa hizo za mwanzo. Mtoto aliyefundishwa kwa fimbo kwamba jambo la moyoni likionekana huleta maumivu, utamwambiaje akiwa mkubwa atangaze malengo yake? Kwa nani? Rosa anapotoka kwenda shuleni ana uhuru wa miguu tu. Hakuna mtu mmoja katika riwaya ile anayemketisha na kumwuliza: binti, unataka kuwa nani? Mpaka anajiua hakuna. Kezilahabi hakuliandika swali hilo mahali popote, na mimi nadhani ukimya huo ndio uti wa mgongo wa kitabu.

Nikiwa katika kutafakari haya ndipo nilipozisoma Barua za Shaaban Robert, zilizochapishwa na TUKI mwaka 2002 chini ya uhariri wa M. M. Mulokozi. Ni barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya mwaka 1931 na 1958. Nilizichukua nikitafuta Shaaban Robert yule wa maktaba, mwenye hekima kila aya. Nilimkuta mtu mwingine, anayeandika habari za jamaa, fedha, kazi na maandishi yake, kwa mtu mmoja aliyemwamini, kwa muda wa miaka 27.

Ni vema kukumbuka mwandishi huyu alikuwa nani wakati huo. Aliingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni akiwa kijana, akiwa karani wa forodha, na akaendelea kuwa mtumishi wa serikali hiyo hadi karibu na mwisho wa maisha yake. Alifariki mwaka 1962. Kusadikika ilipotoka mwaka 1951 mwandishi wake alikuwa akila mshahara wa watu ambao Majivuno aliwafanana. Wahakiki wamekwisha kueleza vya kutosha kwamba ndiyo maana aliipeleka nchi yake angani na kuwapa watu majina ya sifa. Ninaloongeza mimi ni dogo tu. Mtu aliyemwumba Karama, mwenye kusimama peke yake na kusema mbele ya baraza zima, hakuwa na baraza la namna hiyo. Alikuwa na fumbo kwa ajili ya umma, na bahasha kwa ajili ya Ulenge.

Hilo linanifanya nimsome Karama upya. Hotuba yake ndefu, ambayo hakuna anayeikatiza kwa muda mrefu, ambayo mfalme anaisikiliza hadi mwisho na kuitendea haki, si maelezo ya namna mambo yalivyokuwa yakienda Tanganyika ya mwaka 1951. Ni matamanio. Mwandishi alijiundia baraza ambalo alilikosa, akalijaza wasikilizaji wenye subira, akampa msemaji wake siku za kutosha. Mwenye kumtumia Karama kama ushahidi kwamba ukisema lengo lako utasikilizwa anatumia ndoto kama ushahidi wa mchana.

Na Ulenge je? Katika kitabu kile tunaisikia sauti ya kaka peke yake; ya mdogo haimo. Lakini ipo alama yake moja isiyofutika: barua zenyewe. Alizipokea moja moja katika miaka ya ukoloni, akazihifadhi, zikadumu kupita uhuru na kupita kifo cha aliyeziandika, hadi zikafika mikononi mwa mhariri miaka 40 baada ya kifo hicho.